Upofu Usiouma: Macho ya Anayeishi na VVU

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga na kuupeleka ubongoni. Utando huo hauna neva za maumivu. Kidole kikikatwa huuma, jino likioza huuma, lakini retina huharibika kimya kimya. Ndiyo maana mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi (VVU) anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uoni wa jicho moja huku akiendelea na shughuli zake. Jicho lenyewe linabaki jeupe, halitoi machozi wala tongotongo, na jicho zima linalibeba lile bovu bila mwenyewe kujua. Siku vumbi linapoingia kwenye jicho zima na kumlazimu alifumbe, ndipo anapogundua kwamba kwa lile jingine haoni mlango ulio mbele yake.

Kwa anayeishi na VVU, basi, maumivu hayapimi hatari. Baadhi ya magonjwa yanayowasha na kuwekundisha jicho hutibika kwa urahisi, na baadhi ya yasiyouma kabisa hupofusha ndani ya wiki au miezi michache. Kinachosaidia kuyatofautisha ni mambo matatu: kujua kiwango cha kinga ya mwili, kupima macho nyumbani moja baada ya jingine, na kwenda kituoni mapema.

Kinga ikishuka, jicho linabaki wazi

VVU hushambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu. Idadi hiyo humwonyesha mhudumu ni magonjwa gani ya macho ya kutazamia. Mkanda wa jeshi na kaswende ya macho vinaweza kumpata mtu ambaye CD4 zake bado ni nyingi. Zikishuka chini ya 200, hali ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa ugonjwa uliofikia hatua ya juu, vimelea vya toksoplasma na fangasi wa kriptokoka hupata nafasi, na hatari huongezeka zaidi chini ya 100. Chini ya 50 ndiyo zamu ya virusi vya saitomegalo, vinavyojulikana kwa kifupi kama CMV, ambavyo ndivyo vinavyoogopwa kuliko vyote kwa upande wa macho.

Anayemeza dawa za kufubaza virusi (ARV) kila siku, na ambaye kipimo chake cha wingi wa virusi kinaonyesha vimefubaa, hatari yake ya kupata magonjwa hayo ya retina ni ndogo sana. Kabla ya mwaka 1996, tiba ya dawa mseto ilipoanza kutumika, karibu theluthi ya wagonjwa wa Ukimwi nchini Marekani walipata CMV ya macho. Baada ya hapo idadi ilianguka kwa kasi. Wanaobaki hatarini leo ni waliochelewa kupima, walioacha dawa, na wale ambao virusi vyao vimekuwa sugu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya macho ni ile ile ARV inayomezwa kila siku.

Kope na ngozi: mkanda wa jeshi

Ugonjwa wa nje unaohitaji haraka kuliko yote ni mkanda wa jeshi unaopita usoni. Virusi vya tetekuwanga, ambavyo hubaki vimejificha ndani ya neva tangu utotoni, huamka kinga inapolegea. Huanza kwa maumivu au hali ya kuungua upande mmoja wa paji la uso. Baada ya siku chache hutokea malengelenge yanayofuata mstari kuanzia kichwani, kupitia paji la uso, hadi kwenye kope, bila kuvuka katikati ya uso. Kope huvimba hadi jicho linafunga.

Alama moja ndogo ina uzito mkubwa: lengelenge kwenye ncha ya pua. Neva inayofika ncha ya pua ni tawi la ile inayoingia ndani ya jicho, hivyo lengelenge likionekana pale, uwezekano ni mkubwa kwamba jicho lenyewe limeguswa. Mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kuonwa na daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Tiba ni vidonge vya asikilova vya miligramu 800, mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, na hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Wengi hupoteza saa hizo kwa kupaka majani, majivu au dawa ya meno, wakiamini wamerogwa au wametambaliwa na mdudu usiku. Vitu hivyo haviui virusi, na huingiza bakteria kwenye vidonda. Kijana anayepata mkanda wa jeshi usoni na hajui hali yake anapaswa kupimwa VVU, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza.

Uvimbe mwingine wa kope hauna haraka hiyo, ila nao unasema jambo. Vipele vidogo vigumu, vinavyong'aa na vyenye kishimo katikati, vikijaa kwenye kope za mtu mzima, huashiria kinga iliyoshuka. Vingi hupungua mtu akishaanza ARV. Doa la zambarau au jekundu lililoiva kwenye kope au kwenye weupe wa jicho linaweza kuwa saratani ya Kaposi. Hufanana na damu iliyovilia baada ya kujigonga, lakini damu iliyovilia husafika yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Doa lisiloondoka katika muda huo lichunguzwe.

Kinyama kando ya duara jeusi

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, zikiwemo Uganda, Kenya na Tanzania, madaktari wa macho walianza kuona ongezeko la saratani ya kiwambo, yaani utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, sambamba na kuenea kwa VVU. Saratani hii huchochewa na jua kali na kinga dhaifu. Zamani ilikuwa ugonjwa wa wazee. Siku hizi katika ukanda huu huwapata watu wa miaka ya thelathini na arobaini, na wengi wao wana VVU.

Huota pale jua linapopiga zaidi, kwenye ukingo ambapo weupe wa jicho unakutana na duara jeusi, upande wa pua au wa sikio. Mwanzoni ni kinyama kidogo cha rangi ya maziwa au ya waridi, chenye vishipa vya damu vinavyokilisha, wakati mwingine na madoa ya kahawia. Mwenyewe hukidhania kuwa kile kinyama cha kawaida cha watu wa juani. Tofauti ni kwamba hiki hukua ndani ya miezi na kinaweza kuwa na magamba meupe juu yake. Uhakika hupatikana maabara tu, baada ya kukatwa na kupimwa.

Kikiwa bado kidogo, upasuaji wa muda mfupi kwa ganzi hukiondoa na jicho hubaki. Kikiachwa hadi kifunike jicho, huenda jicho lote likaondolewa, na kikipenya nyuma ya jicho huhatarisha uhai. Utafiti uliofanyika katika vituo 4 nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa matone ya dawa ya fluorourasili, yakitumiwa kwa wiki 4 baada ya upasuaji, yalipunguza kurudi kwa uvimbe ndani ya mwaka mmoja kutoka asilimia 36 hadi 11. Kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji huo amuulize daktari kuhusu matone hayo, na asikose tarehe za kurudi. Kwa kujikinga, kofia pana na miwani ya jua inayozuia miale ya urujuanimno humfaa mkulima, mvuvi, dereva wa bodaboda na kila anayeshinda juani.

Macho makavu na kidonda cha konea

Macho kuwa makavu, kuhisi kama mna mchanga ndani, na kuchoka haraka wakati wa kusoma ni malalamiko ya kawaida kwa wanaoishi na VVU. Hali hii inasumbua lakini haipofushi, na matone ya machozi bandia huituliza.

Maumivu makali, jicho jekundu lisilovumilia mwanga, na doa jeupe kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ni jambo jingine. Hicho ni kidonda cha konea, na kinaweza kusababishwa na bakteria, fangasi au virusi vya herpesi. Hapa hatari kubwa hutoka kwenye duka la dawa. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, hupunguza wekundu ndani ya siku moja na mgonjwa huona amepona, kumbe dawa hiyo imeondoa ulinzi uliobaki na kidonda kinachimba chini kwa chini. Matone ya namna hiyo yasitumike mpaka aliyelichunguza jicho kwa darubini yake ameyaandika.

Ndani ya jicho: CMV na wenzake

Kasoro inayoonekana zaidi kwenye retina ya mtu ambaye VVU havijadhibitiwa ni madoa meupe kama vipande vya pamba, yanayotokana na vishipa vidogo vya damu kuziba. Hayana dalili, hayahitaji dawa ya macho, na hupotea kinga inapopanda. Umuhimu wake ni kwamba humwambia daktari kuwa kinga iko chini na CMV inaweza kufuata.

CMV huingia kwa dalili ambazo ni rahisi kuzipuuza. Mgonjwa huona vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu au nyuzi za buibui, vinavyosogea kila anapogeuza jicho. Huona miale ya mwanga kama kiberiti kilichowashwa pembeni, hata akiwa gizani. Au sehemu moja ya anachokitazama inakuwa na kivuli kisichoondoka: anasoma ukurasa na maneno ya upande mmoja hayapo. Hakuna maumivu wala wekundu. Ndani, virusi vinakula retina kama moto unaotambaa kwenye nyasi kavu, ukiacha kovu jembamba nyuma yake. Kovu hilo likichanika, retina hubanduka na uoni huondoka ghafla kama pazia lililoshushwa. Bila tiba, jicho la pili hufuata mara nyingi.

Tiba husimamisha moto, lakini hairudishi kilichokwisha kuungua. Hii ndiyo sababu kila siku ina thamani. Dawa ni gansiklova, inayotolewa kwenye mshipa au kwa sindano ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi, au vidonge vya valgansiklova, ambavyo kwa kawaida ni miligramu 900 mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 3, kisha mara 1 kwa siku mpaka kinga ipande na kutulia. Vidonge humezwa pamoja na chakula, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa dawa hii hupunguza chembe za damu. Sindano ya jichoni huwatisha wengi, lakini huchukua sekunde chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

CMV haiko peke yake. Virusi vya mkanda wa jeshi vikifika kwenye retina huiharibu kwa kasi zaidi, ndani ya siku. Toksoplasma husababisha ukungu, mara nyingi pamoja na ugonjwa wa ubongo, na kotrimoksazoli inayomezwa kila siku na wenye kinga ya chini husaidia kuikinga. Kifua kikuu kinaweza kujenga vinundu nyuma ya retina. Kaswende nayo huweza kushambulia sehemu yoyote ya jicho wakati wowote, CD4 ziwe nyingi au chache, na hutibika kabisa kwa penisilini ya mshipa kwa siku 10 hadi 14. Kila anayeishi na VVU aliyepata ukungu usioeleweka anastahili kipimo cha damu cha kaswende. Si jambo la aibu, ni nafasi ya kupona.

Tatizo linapokuwa nyuma ya jicho

Wakati mwingine jicho ni zima ila neva au ubongo ndio wenye shida. Homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka hupandisha shinikizo ndani ya fuvu na kuibana neva ya macho. Mgonjwa huumwa kichwa kwa siku nyingi, hutapika, huona vitu viwili viwili, kisha uoni hufifia. Kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, na kurudia inapobidi, hupunguza shinikizo hilo na huokoa macho pamoja na uhai. Familia nyingi hukataa kwa kuamini kwamba sindano ya mgongoni hupoozesha. Kinachoua ni shinikizo lililoachwa bila kupunguzwa. Mwenye CD4 chini ya 200 aulize kuhusu kipimo cha damu cha kriptokoka, kwani hugundua ugonjwa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Dawa zinazohitaji jicho la pili

Ethambutoli, mojawapo ya dawa 4 za mwanzo za kifua kikuu, inaweza kudhuru neva ya macho, hasa kwa dozi kubwa, matumizi ya muda mrefu au figo zilizo dhaifu. Dalili ya awali ni rangi kufifia: nyekundu inaonekana kama imepauka, na kuitofautisha na kijani kunakuwa kugumu. Mgonjwa anayeanza dawa achague kitu kimoja chekundu nyumbani, kama kifuniko cha chupa, akitazame kwa kila jicho kila wiki. Rangi ikibadilika aende kliniki mara moja, daktari aamue, bila kuacha dawa zote za kifua kikuu kwa uamuzi wake mwenyewe. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ina hatari kama hiyo.

Kotrimoksazoli na nevirapini zinaweza, kwa wachache, kuleta mzio mkali unaobabua ngozi, midomo na macho, mara nyingi katika wiki za mwanzo. Vipele vyenye malengelenge pamoja na macho mekundu na vidonda mdomoni ni dharura ya hospitali. Hapo daktari wa macho aitwe mapema, kwa sababu kope zikigandamana na jicho, kovu hubaki maisha yote.

Kuna pia jambo linalowashangaza wengi: aliyewahi kuwa na CMV anaweza kupata ukungu upya baada ya ARV kuanza kufanya kazi. Kinga iliyoamka hushambulia mabaki ya virusi na kusababisha uvimbe ndani ya jicho. Hiyo si ishara kwamba ARV zimeshindwa, na kuziacha ni kosa kubwa. Uvimbe hutibiwa huku dawa zikiendelea. Wenye kriptokoka, kwa upande wao, hucheleweshewa ARV kwa wiki 4 hadi 6 kwa makusudi, na agizo hilo lifuatwe.

Mtoto hasemi

Mtoto mdogo hajui kwamba watu wengine wanaona zaidi yake. Mzazi au mlezi ndiye wa kuangalia: makengeza yaliyoanza ghafla, weupe ndani ya mboni, mtoto anayekwaa vitu vya upande mmoja, anayelia jicho moja likizibwa na kutulia jingine likizibwa. Mtoto mwenye VVU aliye chini ya miaka 5 huhesabiwa kuwa katika hatua ya juu ya ugonjwa hadi tiba imtulize, hivyo dalili zake zisisubiri. Matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 na chanjo ya surua hulinda konea za watoto wote, na za huyu zaidi.

Kipimo cha ukutani

Kipimo cha nyumbani hakihitaji zaidi ya kalenda ya ukutani. Mtu asimame hatua tano mbali, mahali pale pale na penye mwanga ule ule kila mara, akiwa na miwani yake ya kuonea mbali kama anayo. Azibe jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza. Aitazame tarehe moja iliyo katikati: je, inasomeka kama wiki iliyopita? Bila kuhamisha jicho, je, pembe zote nne za kalenda zinaonekana? Mistari imenyooka, au imepinda? Kisha azibe la kushoto. Mwenye CD4 chini ya 200 afanye hivi kila wiki, na wengine wote kila mwezi.

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari. Mwenye CD4 chini ya 100 achunguzwe retina hata bila dalili, na aliye chini ya 50 kila baada ya miezi 3. Nchini Tanzania safari huanzia kwenye Kituo cha Tiba na Matunzo, CTC, na Kenya kwenye kliniki za CCC. Pale mhudumu huandika rufaa kwenda kitengo cha macho, na kesi ngumu hufikishwa hospitali kama KCMC mjini Moshi, Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza au Kikuyu nchini Kenya. Mgonjwa abebe kadi yake yenye CD4, wingi wa virusi na orodha ya dawa. Atawekewa matone ya kupanua mboni na kusubiri kama nusu saa. Kwa saa chache baadaye mwanga utamchoma na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu, hivyo asiendeshe chombo siku hiyo, na akiweza aende na mtu wa kumsindikiza.

Si kila ukungu unatokana na VVU. WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, wanaishi miaka mingi sasa, na macho yao hupata mtoto wa jicho, presha ya macho, madhara ya kisukari, na haja ya miwani ya kusomea baada ya miaka 40, kama ya wengine wote. Hilo nalo ni sababu ya kuchunguzwa, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa na miwani hununuliwa. Machozi pia hayaambukizi VVU, kwa hiyo ndugu wanaweza kumwekea mgonjwa matone na kumfuta uso bila hofu. Kinachokatazwa ni kutia ndani ya jicho maziwa ya mama, mkojo, juisi ya majani au asali, au kutumia chupa ya matone ya jirani.

Aende kituoni siku hiyo hiyo mwenye vidoa vipya vinavyoelea, miale ya mwanga, kivuli au pazia katika uoni; mwenye malengelenge kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua; mwenye jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga; anayeona viwili viwili au anayeumwa kichwa kisichokoma; na ambaye rangi nyekundu imempaukia. Aende ndani ya wiki mwenye kinyama au doa jipya juu ya jicho. Na kila anapofika kliniki kuchukua dawa zake, hata akiwa mzima, amwambie mhudumu apime uoni wa jicho la kulia na wa kushoto, kila moja peke yake, na kuandika majibu kwenye kadi.